Ndege ikielekea Mlima Meru, nani anatakiwa kuuona kwanza: rubani au muongoza ndege?

Kuna asubuhi ukisimama kituoni Maji ya Chai, Mlima Meru haupo. Jana jioni uliuona vizuri kabisa, hadi mikunjo ya mawe kule juu. Leo kuna ukuta mweupe tu, na mahali fulani ndani ya huo weupe unasikia mlio wa ndege ndogo. Mama wa ndizi hainui kichwa, bodaboda wanaendelea na stori zao. Milio ya ndege hapa ni ya kila siku: KIA iko upande wa mashariki, uwanja wa Arusha kule Kisongo uko magharibi, na mlima umekaa kaskazini.

Sasa jiulize. Rubani yule haoni mlima. Nani anamwambia uko wapi?

Ukiuliza mtaani, wengi watakujibu "mnara". Imani ni kwamba kuna mtu amekaa na skrini, anaiona ndege na anauona mlima, na akiona vinakaribiana anapiga kelele. Hata sisi waandishi tunachangia imani hiyo. Ikitokea ajali utasoma "mnara uliiruhusu ndege kushuka", na msomaji anabaki na picha kwamba aliyeko mnarani ndiye aliyekosea.

Ukweli uko tofauti kidogo, na ni vizuri kuujua kama unaishi chini ya njia za ndege au unazipanda.

Sheria inasemaje

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unaotumiwa na waongoza ndege duniani, uko wazi hapa. Kazi za huduma ya kuongoza ndege ni kuzuia ndege zisigongane angani, kuzuia zisigongane na vitu vilivyoko uwanjani, na kuufanya msururu wa ndege uende haraka na kwa mpangilio. Kuzuia ndege isigonge ardhi hakumo kwenye orodha hiyo. Mwongozo unaongeza kwamba taratibu zake hazimwondolei rubani wajibu wa kuhakikisha kibali alichopewa ni salama kwa upande wa milima na vizuizi.

Isome tena hiyo. Muongoza ndege anaweza kukupa kibali, ukakitii, na bado ukawa wewe ndiye uliyepaswa kujua kwamba mbele kuna mlima.

Fikiria trafiki pale njia panda. Anakupungia mkono upite, maana yake hakuna gari litakalokugonga ubavuni. Hajakuahidi kwamba daraja la mbele halijasombwa na maji. Kuangalia barabara ni kazi ya dereva.

Lakini kuna hali moja ambayo mzigo unahamia mnarani, na ndiyo inayochanganya watu. Ni pale muongoza ndege anapotumia rada na kumwambia rubani anayeruka kwa kutegemea vyombo ageukie upande fulani, au anapomkatisha njia moja kwa moja nje ya njia rasmi ya anga. Hapo sheria inamtaka muongoza ndege atoe maelekezo ambayo muda wote yataiacha ndege na nafasi ya kutosha juu ya ardhi, mpaka rubani atakaporudi kujiongoza mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu rubani ametolewa kwenye njia iliyochorwa kwenye ramani yake. Hana tena namna rahisi ya kulinganisha alipo na vimo vilivyochapishwa. Aliyemtoa ndiye anayejua anampeleka wapi, kwa hiyo anatumia ramani yake maalumu yenye vimo vya chini vya kuelekezea ndege, eneo kwa eneo.

Na hata hapo rubani haruhusiwi kulala. Akiona hesabu haikai sawa, anatakiwa kuuliza.

Hesabu za hapa kwetu

Tuweke namba mezani, maana bila namba habari hii inakuwa hewa tu.

Kilele cha Meru kiko mita 4,562 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu futi 15,000. Marubani hutumia futi, kwa hiyo tuende nazo. Uwanja wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, uko kwenye futi 2,932 hivi. Maana yake kilele kiko futi 12,000 juu ya njia ya kurukia, na kwa umbali wa mstari ulionyooka ni kama kilomita 40 tu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kiko kama kilomita 50 upande wa pili. Ndege kubwa inayoingia KIA usiku inashuka kwenye uwanda ulio katikati ya milima miwili ambayo, kukiwa na giza au mawingu, yote haionekani.

Uwanja wa Arusha ni mdogo lakini uko karibu zaidi. Wenyewe uko kwenye futi 4,550 hivi, na kilele cha Meru kiko chini ya kilomita 20. Ndege kama Cessna Caravan, ile yenye propela moja inayobeba watalii kwenda Serengeti, ikienda kilomita 300 kwa saa inamaliza umbali huo kwa dakika nne. Dakika nne ni muda wa kusubiri chenji kwa konda.

Kanuni ya jumla kwa anayeruka kwa vyombo ni hii: isipokuwa unapopaa au kutua, kaa angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8 kutoka ulipo. Kwenye maeneo ya milima inapanda kuwa futi 2,000. Piga hesabu kwa Meru: 15,000 ongeza 2,000, unapata futi 17,000.

Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu kwa ndege ndogo. Caravan haina mfumo wa kuongeza mgandamizo wa hewa ndani. Kanuni za kimataifa zinasema ukikaa juu ya futi 10,000 kwa zaidi ya nusu saa unahitaji oksijeni kwa marubani na sehemu ya abiria, na juu ya futi 13,000 ni kwa kila mtu aliyemo. Kwa hiyo ndege za watalii haziuruki mlima. Zinauzunguka. Na ukishaamua kuuzunguka mlima badala ya kupita juu yake, usalama wako unategemea kitu kimoja: kujua kwa uhakika uko upande gani wa mlima.

Ndege hizi mara nyingi huruka kwa kuona, si kwa vyombo. Katika hali hiyo suala la nani anawajibika linaisha mapema: ni rubani, asilimia mia. Ana masharti ya kufuata ili awe na haki ya kuruka hivyo. Kwa kawaida chini ya futi 10,000 anatakiwa aone angalau kilomita 5 mbele, na juu ya hapo kilomita 8, huku akikaa mbali na mawingu: mita 1,500 kwa pembeni na futi 1,000 kwa juu au chini. Akijikuta anaingia kwenye ule weupe tulioanza nao, tayari ametoka nje ya sheria. Cha salama ni kugeuka na kurudi alikotoka, wakati bado anakuona alikotoka.

Kusema ni rahisi. Abiria wana ndege nyingine ya kuunganisha KIA, kampuni ina ratiba, na dakika kumi zilizopita kulikuwa kweupe.

Milima imeshachukua watu

Hii si nadharia. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya DC-3 ya East African Airways iligonga Kilimanjaro na watu wote 20 waliokuwemo walikufa. Tarehe 1 Septemba 1999 ikawa zamu ya Meru: Cessna 404 iliyobeba watalii kutoka Marekani iligonga mlima huu huu, watu 12 wakafa, hakuna aliyepona. Novemba 2008 ndege ndogo ilianguka Mawenzi. Watalii wanne wa Italia walifariki, rubani akanusurika. Na tarehe 15 Novemba 2017 Caravan iliyokuwa imetoka KIA kwenda Serengeti ilianguka eneo la Ngorongoro, watu 11 wakafa. Njia hiyo ya Serengeti ina mtego wake, kwa sababu ardhi yenyewe inapanda: unatoka uwanda wa Arusha, unakutana na ukuta wa Bonde la Ufa, halafu nyanda za juu za kreta ambazo kilele chake, Loolmalasin, kinazidi mita 3,600. Ndege inaweza kuwa imekaa kimo kilekile, ardhi ndiyo inayoisogelea.

Jirani zetu Kenya wana kisa kinachoonyesha mgawanyo wa majukumu vizuri zaidi. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea kwenye milima ya Aberdare. Watu 10 walikufa, wakiwemo marubani wawili. Ndege ilikuwa inawasiliana na waongoza ndege. Marubani walikuwa wawili, si mmoja. Ilikuwa na kifaa cha kutahadharisha kuhusu ardhi. Na bado. Wachunguzi waliandika kwamba sababu kuu ilikuwa maandalizi ya safari yasiyotosha, uamuzi wa kuruka kwa vyombo ndani ya mawingu chini ya kimo cha usalama kilichochapishwa kwa eneo lile, na kutochukua hatua mara moja tahadhari ilipolia.

Kimo kilikuwa kimechapishwa. Ndiyo maana marubani hufundishwa kwamba kibali cha mnara kinapogongana na namba iliyoko kwenye ramani, namba ya ramani ndiyo inayoshinda mpaka muelewane.

Namba moja ikisikika vibaya

Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inashuka kuingia Nairobi. Muongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Kwa Kiingereza cha redioni tarakimu hutamkwa moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Chumba cha rubani kikasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Wakaweka 5,000.

Uwanja wa Nairobi uko kwenye futi zaidi ya 5,300. Yaani ndege ilikuwa inashuka kwenda kwenye kimo kilichoko chini ya ardhi, na kosa halikunaswa si angani wala mnarani. Walipotoka kwenye mawingu waliona ardhi, wakainua ndege haraka. Uchunguzi ulikuta kwamba ilifika futi 70 kutoka ardhini, kilomita kadhaa kabla ya uwanja. Ni kama urefu wa ghorofa saba, na hiyo ni 747.

Hakuna aliyekufa, kwa hiyo watu wengi hawaijui. Mimi naona ndiyo yenye mafunzo kuliko zote, kwa sababu kila upande ulikuwa na nafasi ya kuizuia. Sheria inamtaka rubani arudie kwa sauti kimo alichopewa. Inamtaka muongoza ndege asikilize marudio hayo na kusahihisha palepale yakiwa na kosa. Na juu ya yote, rubani alitakiwa kujiuliza: hivi 5,000 inawezekanaje hapa? Kwa hapa kwetu ni sawa na mtu anayeingia uwanja wa Arusha kusikia "shuka hadi 4,000". Uwanja wenyewe uko 4,550. Namba kama hiyo haihitaji rada kuikataa, inahitaji mtu aliyeangalia ramani kabla ya kuondoka.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Desemba 1974, huko Marekani mkanganyiko ukaua. Boeing 727 ya TWA, safari namba 514, ilipewa kibali cha kukaribia uwanja wa Dulles. Marubani wakaelewa kwamba kupewa kibali hicho ni kuambiwa kuko salama kushuka hadi futi 1,800. Mnara ulielewa kwamba kujua lini ushuke ni kazi ya rubani. Kati ya maelewano hayo mawili kulikuwa na kilima, Mount Weather, na watu wote 92 walikufa. Wachunguzi wenyewe hawakukubaliana: kura ziligawanyika tatu kwa mbili kuhusu uzito wa kosa la kila upande. Baada ya hapo Marekani iliyaweka wazi maneno ya kibali, na ikalazimisha ndege za abiria zifungwe kifaa cha kutahadharisha kuhusu ardhi.

Kifaa hicho kina historia yake. Mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Canada, ndiye aliyekiendeleza kwa miaka mingi. Cha mwanzo kilikuwa kinapima chini ya tumbo la ndege tu, na kwa mlima wenye ubavu mkali kama Meru hilo ni tatizo: kikigundua ardhi inapanda, pua ya ndege imeshafika. Toleo la miaka ya 1990 likaongezewa ramani ya dunia na uwezo wa kujua ndege ilipo, kwa hiyo linaangalia mbele. Kanuni za kimataifa zinalidai kwa ndege za turbini zenye uzito unaozidi kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya tisa. Sauti ikitoka kwenye kifaa hicho, hakuna mjadala wala kumuuliza mnara: unavuta juu, unaeleza baadaye.

Na rada je?

Mtanzania ukimtajia rada atakumbuka kashfa kwanza, ile ya BAE ya pauni milioni 28. Tuiache, ina makala zake. Mwaka 2017 serikali ilisaini mradi wa rada nne za kuongozea ndege za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA.

Rada inasaidia sana, lakini ijue mipaka yake. Kinachoonekana kwenye skrini ni ndege na kimo ambacho ndege yenyewe imekitangaza. Mlima hauonekani ukipanda kama tunavyouona sisi. Kuna mifumo inayoweza kufungwa mnarani ili ipige kengele ndege ikishuka chini ya kimo cha usalama, na kengele ikilia muongoza ndege anatakiwa amjulishe rubani mara moja. Ila kengele ni ya ziada tu. Guam, Agosti 1997, mfumo wa aina hiyo ulikuwepo lakini ulikuwa umebanwa usifanye kazi karibu na uwanja, na ndege ya Korean Air iligonga kilima usiku. Zaidi ya watu 220 walikufa.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho mnara unakitoa kila siku: kipimo cha mgandamizo wa hewa uwanjani. Kipima kimo cha ndege kinafanya kazi kwa mgandamizo, kwa hiyo rubani anakiweka sawa kwa namba aliyopewa na mnara. Akikosea kwa hektopaskali 10, kimo anachokisoma kinapishana na ukweli kwa karibu futi 300. Mnara unawajibika kutoa namba sahihi, rubani anawajibika kuirudia na kuiweka.

Pale "nauona uwanja" inapobadilisha kila kitu

Wengi hawajui hili. Rubani anaweza kuwa anaongozwa kwa rada vizuri kabisa, mzigo wa mlima uko mnarani. Halafu mawingu yanafunguka, anaona taa za uwanja, anasema redioni kwamba anauona, na muongoza ndege anamruhusu akaribie kwa macho. Kuanzia hapo, mlima umerudi mikononi mwa rubani. Sentensi moja tu. Usiku ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kuona taa za uwanja si kuona kilichoko kati yako na taa hizo. Kilima kisicho na umeme ni kipande cha giza kama giza lingine.

Na kama kibali chenyewe hakieleweki? Lugha ya redioni ina neno moja la kumtoa rubani hapo, na maana yake ni "siwezi". Rubani aliyeambiwa ashuke au ageuke, akiona namba hazikubaliani na ramani yake, anasema siwezi, na akipata nafasi anaongeza sababu: ardhi. Hahitaji kuomba radhi. Muongoza ndege anatakiwa kumpa kimo au mwelekeo mwingine, na ndege nyingine zitasubiri.